Mwezi, Mihula na Feri: Migahawa Mitatu Niliyofungua Mwanza

Juni 2025, siku chache baada ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa pale Kigongo, ambako zamani magari yalisubiri feri ya kuvuka ziwa, nilikaa kwenye benchi la mgahawa wangu tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, nikauza sahani nne. Wiki mbili nyuma, muda kama huo, ningekuwa nimemaliza karai la pili la sato na dada wa chapati ananiita niongeze unga. Magari hayakupungua. Nilikuwa nayasikia yanavuma, ila yanapita juu, kilomita tatu hadi Busisi, wala hakuna anayeshusha kioo. Jioni ile nililia jikoni peke yangu, nikafuta machozi kwa aproni, kisha nikawalipa wafanyakazi tisa ujira wa siku kutoka kwenye hela ya mkopo.

Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita watu wawili walinifuata kutaka ushauri. Mmoja ana kibanda Buzuruga, kinaenda vizuri, anataka kufungua cha pili. Mwingine anataka kuacha ajira aingie kwenye chakula. Niliwajibu harakaharaka nikiwa na foleni ya wateja, nikarudi nyumbani nikaona sikuwatendea haki. Hiki ndicho ningewaambia kama tungekaa chini.

Nilianza mwaka 2009 kama mama lishe Kirumba, nje kidogo ya soko la samaki la Mwaloni. Mtaji ulikuwa shilingi 180,000, zamu yangu ya mchezo: tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja anatoa 15,000 kwa mwezi. Nikanunua sufuria tatu, karai, majiko mawili ya mkaa, sahani dazeni mbili, ndoo za kunawia na turubai. Kupika nilikuwa najua. Nimezaliwa Ukerewe, na kwetu mtoto wa kike anajua kumparua sato magamba kabla hajajua kuandika jina lake. Nikadhani hiyo inatosha.

Wateja walikuwa makuli wa dagaa, wavuvi wanaotoka majini, na wafanyabiashara kutoka Kongo na Burundi wanaosubiri mizigo yao ifungwe. Nilikuwa naamka saa tisa usiku. Saa nane mchana sufuria zimekwisha, watu wananisifu, na mimi sina hela. Miezi mitatu ikapita hivyo. Nilikuwa naona aibu kumwambia mume wangu kwamba hela ya mkaa wa kesho naikopa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa ananiuzia mchele. Alinikalisha juu ya gunia akaniambia, "Mayu, kupika unajua. Kuuza hujui." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Tukaanza kuhesabu. Wali samaki niliuza 1,500. Kilo ya mchele wakati ule 1,000, inatoa sahani saba, kwa hiyo kila sahani inakula kama 145. Kipande cha sangara 600. Mafuta 150. Nyanya, vitunguu na chumvi 100. Mkaa 120. Jumla 1,115, inabaki 385. Kwa sahani 80 ni 30,800. Toa mabinti wawili 6,000, pango 2,000, maji 1,000, ushuru na uzoaji taka 500. Yangu ni 21,300. Nikafurahi. Ndipo akaniuliza, "Na wanaokula kwa daftari ni wangapi?"

Walikuwa kama kumi na tano kwa siku. Sahani 15 kwa 1,500 ni 22,500. Wapo waliolipa mwisho wa wiki, lakini waliohama mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, na deni langu hawakukosekana. Kumbe sahani 15 zisizolipwa zinameza faida ya sahani zote 80. Nililifunga daftari wiki ileile. Wateja kama kumi waliondoka kwa hasira na mmoja akanitangaza kwamba najivuna. Iliniuma, lakini tangu siku ile sijakopa mkaa.

Kama unaanza, fanya hesabu hiyo kabla hujanunua hata mwiko, na uirudie kila bei ikibadilika. Mwanzoni mwa 2023 nilinunua mchele kilo 3,000. Aliyekuwa anauza kwa bei ya mwaka uliotangulia, akiogopa kuwaudhi wateja, alikuwa anawalisha kutoka mfukoni mwake.

Kirumba kulinifundisha jambo jingine ambalo lilinichukua nusu mwaka kulielewa. Kila mwezi kulikuwa na siku kadhaa ambazo wali unabaki. Naumwaga, au nawapa watoto wa mtaani. Nilijilaumu. Nilibadilisha viungo, nikabadilisha muuza samaki, nikamfokea binti kwamba chumvi imezidi. Mzee mmoja muuza mkaa, Msukuma wa Magu, alikuwa ananitazama siku zote hizo. Jioni moja akanionyesha kidole mbinguni. "Mayu, angalia juu."

Mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi, mitumbwi mingi inalala ufukweni. Dagaa wasipoingia, kuli hana mzigo, na kuli asiye na mzigo anakunywa uji. Chumvi yangu haikuwa na kosa lolote! Tangu hapo nilitundika kalenda ya mwezi jikoni. Wiki ya giza natoa kilo 12 za mchele, wiki ya mbalamwezi kilo 6, naongeza uji na mihogo ya kuchemsha.

Laiti ningeliweka moyoni somo lile kwa upana wake. Nililichukua kama jambo la dagaa tu. Ningelielewa vizuri, ningejua kwamba mteja halazimiki kuja kwa sababu yangu. Kuna kitu kinachomleta mlangoni kwangu, nacho kiko nje ya jiko langu na nje ya uwezo wangu. Mimi namhudumia akishaletwa.

Mwaka 2014 nilifungua wa pili Malimbe, karibu na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Safari hii ni chumba cha matofali. Niliweka vigae, sinki, kaunta na bati jipya upande wa jikoni. Vyote vilikula 4,200,000. Na mwenye nyumba tulikubaliana kwa mdomo. Alikuwa mtu wa heshima, ananiita mwanangu, nikaona kumdai maandishi ni kumtukana. Baada ya miezi kumi na minne akaniambia mtoto wa dada yake anataka kufanya biashara pale. Nilitoka na viti. Vigae havibebeki.

Jamani, andikeni. Mkataba uwe wa miaka si chini ya mitatu, usimamiwe na wakili, na useme wazi kwamba matengenezo yatakatwa kwenye kodi au yatalipwa ukiondolewa. Mtu mwema hataudhika ukimwomba maandishi, na akiudhika umeshajua mapema. Nilihamia mita mia mbili mbele, nikaanza upya kwa sakafu ya saruji isiyo na vigae, na wanafunzi wakanifuata vilevile.

Kosa kubwa zaidi la Malimbe lilitokea Kirumba. Nilimchukua mpishi wangu bora nikaenda naye, Kirumba nikamwachia ndugu wa mume. Ndani ya miezi mitatu sahani zilishuka kutoka 80 hadi 45. Mteja wangu wa siku nyingi alinipigia simu: "Mama, mchuzi umekuwa maji." Kumbe sikuwa nimefungua mgahawa wa pili. Nilikuwa nimeuhamisha wa kwanza na kuacha jina langu juu ya sufuria ya mtu mwingine. Ilinibidi nirudi Kirumba asubuhi na Malimbe jioni kwa karibu mwaka mzima, hadi mwili ukakataa nikalazwa kwa shinikizo la damu. Sasa naamini hivi: kama huna mpishi wa pili anayepika mchuzi wako kiasi kwamba wewe mwenyewe huutofautishi, huna mgahawa wa pili, hata uwe na mtaji wa kujenga minne.

Malimbe badala ya mwezi ni mihula. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likitoka wanaagiza kuku na soda. Likikaribia kuisha wanarudi kwenye wali maharage, kisha chapati na chai ya rangi. Chuo kikifungwa, barabara inakuwa kimya. Mwaka wa kwanza niliwalipa watu sita wakati wa likizo wakiwa wamekaa. Baadaye nilikubaliana nao tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba likizo wanabaki wawili na wengine wanarudi chuo kikifunguliwa. Likizo tukatafuta misiba, send-off na semina. Semina zina hela, lakini usipike semina kwa mtaji wa mgahawa. Ofisi moja ilinilipa baada ya miezi minne, na muuza samaki wangu hawezi kusubiri miezi minne.

Samaki wenyewe nimewazungumzia kidogo, na ndio kazi yenyewe. Nunua mwenyewe, au mpeleke mtu unayemwamini kama macho yako. Matamvua yawe mekundu, jicho liwe limejaa na kung'aa, na ukibonyeza mnofu urudi. Usidanganyike na bei ya wadogo: sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya 50 hawaruhusiwi, na kesi haiishii kwa mvuvi. Mnakumbuka 2018, samaki walipimwa kwa rula hadi kwenye kantini ya Bunge. Mbali na sheria, mimi ni mtoto wa mvuvi. Nikimkaanga sato asiyewahi kutaga, nakaanga biashara ya watoto wangu.

Kigongo nilifungua 2017. Kila anayetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba kwa barabara ile alikuwa lazima asubiri feri. Saa moja, mbili, sikukuu ndiyo usiseme. Mabasi matatu yakipanga foleni, una watu mia na hamsini wenye njaa na hawana pa kwenda. Sijawahi kuona biashara tamu kama ile. Tulijifunza kupika kwa honi: samaki wamekaangwa tayari, wali uko kwenye hotpoti, sahani inatoka ndani ya dakika mbili, na hela inatangulia, kwa sababu honi ikilia abiria anakimbia na kijiko chako mdomoni. Ile hela ilisomesha watoto wangu wote watatu.

Lakini kumbuka kila mahali pana serikali yake. Kirumba niko Manispaa ya Ilemela, Malimbe Jiji la Mwanza, Kigongo Halmashauri ya Misungwi. Leseni tatu, maofisa afya watatu, na vyeti vya afya vya wafanyakazi vinavyokwisha siku tofauti. Nilipigwa faini mara mbili kwa kusahau tarehe, hadi nilipomlipa kijana wa hesabu aje mara mbili kwa mwezi kupanga makaratasi ya kodi na leseni. Ni hela iliyoniletea usingizi.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona. Malimbe ilikufa siku moja, na vyuo vikafunguliwa tena Juni mosi. Miezi ile miwili na nusu nilifanya jambo ninalojutia hadi leo: nilichukua kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa. Nilikopa 1,500,000, kurejesha 150,000 kila wiki kwa wiki kumi na tatu, yaani 1,950,000. Wiki ya tano nikakwama. Walikuja na pikapu mchana kweupe, majirani wanatazama, wakabeba friji. Nilikuwa nasema siwezi kuingia huko, ni mkopo wa wasio na akili. Ukiwa na watu kumi wanaosubiri mshahara, unaingia. Dawa yake ni kuweka akiba ya miezi mitatu ya mishahara na pango kwenye akaunti ambayo mgahawa hauigusi. Mimi nilianza kuiweka baada ya friji kuondoka.

Kuna jambo moja limenikaa vibaya kuliko pesa yoyote. Mwaka 2021, Kigongo, hesabu zilikuwa hazikai. Utaratibu wangu ni kuhesabu vipande, sihesabu hela kwanza: asubuhi vimeingia 120, jioni vimebaki 20, basi nidai hela ya vipande 100. Zilikuwa zinapungua sahani kumi hadi kumi na mbili kila siku. Kaunta alikuwa binti mmoja wa Mkolani, mpole, haongei sana. Nilimwita mwizi mbele ya wenzake na kumfukuza bila mshahara wa nusu mwezi. Baada ya wiki mbili upungufu ukawa palepale. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyeniambia, "Mama, mbona lipa namba yenu inatoa jina la mwanaume?" Mhudumu mwingine alikuwa amebandika namba yake juu ya yetu ya kulipia kwa simu kwenye meza za nje.

Nilikwenda Mkolani na mshahara wa binti yule na nusu ya ziada. Mama yake alinipa kiti, akanipa maji, hakusema neno. Nilipiga magoti. Binti alisema atafikiri. Alirudi baada ya mwezi, kwa sharti kwamba niwaambie wenzake wote, kwa kinywa changu, kwamba hakuiba. Nikawaambia. Tangu hapo nimejiwekea: sitamki neno wizi mpaka nimehesabu siku saba kwa macho yangu, na kila jioni nailipa lipa namba shilingi mia kwa simu yangu, kuona jina linalotokea.

Sasa nirudi kwenye daraja, maana swali ninaloulizwa sana ni hili: hukuliona? Niliona. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019. Nguzo nilizihesabu zikiota majini moja baada ya nyingine, nikiwa naosha sufuria. Ila mafundi wa daraja nao walikuwa wanakula kwangu. Biashara ilipanda. Mwaka 2022 nilikopa benki milioni 15 nikajenga jiko la kudumu na baraza la watu sitini, kwenye kiwanja cha kupanga, hatua chache kutoka kwenye kitu kilichokuwa kinajengwa ili watu wasisimame tena pale. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Daraja likiisha?" Nikamjibu madereva wananipenda, watakata kona waje kwangu. Niliamini kabisa. Miaka kumi na mitatu ya kuangalia mwezi, na bado nilidhani ni mchuzi wangu unaosimamisha mabasi.

Mwaka 2019 niliwahi kukwepa mtego unaofanana na huo, na kwa bahati tu. Kulikuwa na eneo zuri la ufukweni kuelekea Luchelele, bei nafuu. Nilirudi nyuma kwa sababu shemeji anayejua sheria alinikumbusha marufuku ya kujenga ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Mwaka uliofuata ziwa lilipanda na maji yakalala pale ambapo ningeweka kaunta. Wakati ule nilimshukuru Mungu, sikujiuliza kingine.

Daraja lilipofunguliwa nilikaa wiki tano nikingoja, ndipo nikafunga Kigongo. Watu tisa kwa 8,000 ni 72,000 kwa siku, siku 35 ni 2,520,000, mbali na chakula kilichooza. Ningefunga wiki ya kwanza, hela ile ingekuwa viinua mgongo vya kuwaaga wale watu kwa heshima. Na ningekuwa nimeanza kuhama mwaka mmoja na nusu kabla, nisingehitaji kuwaaga. Kitu kimoja nilikifanya sawasawa: nilikwenda benki mwenyewe kabla ya kukosa rejesho hata moja, na vitabu vyangu vya mauzo mkononi. Walinipunguzia rejesho la mwezi kutoka 640,000 hadi 380,000 kwa kurefusha muda. Ukisubiri wakufuate wao, mazungumzo yanakuwa ya dhamana.

Kirumba na Malimbe vinaendelea. Wafanyakazi wanne wa Kigongo nimewachukua huko, watano nilishindwa, na bado nikipita Misungwi naogopa kukutana nao.

Binti wa Mkolani ndiye anayesimamia Kirumba sasa. Wiki iliyopita aliniambia anataka kuondoka akafungue chake Usagara, pale njia panda ya kwenda darajani. Moyo ulinishtuka, nikataka kumwambia asubiri mwaka mmoja. Badala yake nikamuuliza, "Watu wanasimama pale kwa sababu gani?" Akatoa daftari kwenye mkoba. Amekaa pale siku tatu kwenye benchi la muuza vocha, ameandika kila basi lililosimama, saa ngapi, dakika ngapi, walioshuka wangapi, na walioshuka walinunua nini. Ukurasa wa mwisho ameandika stendi ikihama atafanya nini. Nilisoma daftari lile mara mbili. Kisha tulikwenda stoo, nikamtolea lile karai kubwa la Kigongo.